Fundi, hiyo ‘mahogani’ yako ni mti gani hasa?

PITA kando ya Ngong Road, Nairobi, siku yoyote ile na utaona viti vya bustani, benchi na meza za mikahawa zimepangwa hadi karibu na lami. Kazi safi. Msasa umepita vizuri, vanishi inang’aa. Lakini uliza, “Hii ni mbao gani?” na jibu ni lile lile: “Mahogani, bosi.” Haiwezekani kila kibanda cha jua kali nchini kiwe na mahogani.

Nyingi ya samani hizo ni saipresi au paini iliyopakwa rangi nyekundu, au mukima uliokatwa shambani Murang’a. Si mbao mbaya. Kabati la mukima likiwa ndani ya nyumba litakaa miaka. Shida ni kuuweka nje, jua la Januari liukaushe, masika iunyeshee, na mchwa wauanze kutoka miguuni. Mteja aliyelipa pesa ya mahogani hatarudi kwako. Ataenda supamaketi anunue kiti cha plastiki, kisha awaambie majirani kwamba mafundi wa jua kali ni matapeli. Hasara hiyo inatuangukia sote, hata fundi mwaminifu wa kibanda cha pili.

Mbao za kukaa nje zinajulikana. Kuna mvule na msaji. Kuna mbambakofi, ambao mafundi wa Pwani wameutumia kwa milango na vyombo vya baharini. Hata mtarakwa, ambao wataalamu hawauhesabu kuwa mbao ngumu, nguzo zake za ua hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Tatizo ni kwamba miti yetu ya asili imeadimika, na huwezi kuamka tu ukaikata.

Ndiyo maana mvule mwingi unaouzwa mijini hutoka Kongo kupitia Uganda, na bei yake iko juu. Ukiununua, omba karatasi. Mbao zikinaswa barabarani bila kibali, anayelia ni wewe uliyelipa, si yule aliyeangusha mti.

Kisha ujue unachonunua. Mvule ukipigwa randa leo huwa na umanjano, halafu ukikaa kwenye mwanga hugeuka hudhurungi. Ndani yake mara nyingine mna vipande vigumu kama mawe ambavyo humaliza meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha, kwa hivyo vaa barakoa. Kwa ile mahogani ya kupaka, chukua kitambaa chenye thina usugue upande wa chini. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, umepata jibu. Tazama pia ncha ya ubao iliyokatwa vizuri. Mbao ngumu ina vitundu vidogo kama vya kudungwa sindano, lakini paini na saipresi hazina. Na usikubali kuuziwa ule ukingo mweupe wa nje kwa bei ya kiini. Hata kwa mvule, sehemu hiyo huliwa na wadudu haraka.

Haya yote yanafundishika kwa siku moja. Kinachotumaliza kabisa ni mbao mbichi. Makadirio ya mafundi wa zamani ni kwamba mbao ngumu ikianikwa kivulini, penye hewa, huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Sasa linganisha na pesa tunazopewa. Mkopo wa mtu binafsi wa Hazina ya Hasla, ulipozinduliwa mwishoni mwa 2022, ulikuwa wa kati ya Sh500 na Sh50,000, na ulitakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Kijana gani atanunua ubao wa inchi mbili, aukaushe miaka miwili, huku simu inamkumbusha deni wiki ya pili? Ataupiga msumari ukiwa bado unatoa maji. Ukipasuka Agosti, atakuwa ashabadilisha laini.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema vijana ni wavivu au wezi. Wapo, lakini wengi wanabanwa na muda. Kaunti zinazojenga vibanda vya jua kali zingejenga pia banda moja la kuanikia mbao, na tanuri la kukaushia pale penye mafundi wengi. Hata kabla ya hapo, mafundi kumi wa chama kimoja wanaweza kununua gogo pamoja, walipasue, wapange mbao zikiwa na vijiti katikati, waandike tarehe kwa chaki na kuziacha. Mwaka wa kwanza ni mgumu. Ukiweka shehena mpya kila baada ya miezi michache, kuanzia hapo daima kuna iliyokauka.

Wala si lazima tungojee lori kutoka Kongo. Wachongaji wa Malindi walianza kutumia mwarubaini miti ya zamani ilipoadimika. Baringo, Tana River na Garissa mathenge umejaa tele. Ni ule mti uliofanya wakazi wa Baringo waishtaki Serikali mnamo 2006 na kupeleka mahakamani mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda yake. Sisi tunauchoma makaa tu, ilhali mbao yake ni ngumu, nzito, na haijikunji sana ikikauka. Shina lake ni fupi na limepinda, kwa hivyo usiahidi mtu meza ya watu wanane. Anza na stuli, miguu ya benchi na viti vifupi vya bustani, na mteja akiuliza ni mbao gani, mwambie mathenge, kisha uandike hivyo hivyo kwenye risiti.