Maswali ya Nyumbani: Mjane na Shemeji Yake

Dada yetu mmoja wa Makanya atuuliza hivi. Mumewe amefariki, na shemeji yake asema ya kwamba, kwa kuwa mahari ilitoka zizini mwa baba yao, basi yeye, watoto wake watatu na shamba ni vya ukoo. Amempa muda hata mavuno.

Dada, wewe hurithiwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ya kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, kubaki pasipo mume, au kuolewa na amtakaye, hata mila ikisema vingine. Wala watoto hawanyimwi matumizi ya mali ya baba yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza.

Neno la shamba ni gumu zaidi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zamwacha mjane atunzwe na watoto wake, pasipo fungu. (Nasi tumeyaona matunzo hayo yalivyo!) Lakini marehemu akiwa aliishi Kikristo, mahakama yaweza kufuata Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, impayo mjane theluthi moja, na watoto, wa kike sawa na wa kiume, theluthi mbili. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kuitumia sheria hiyo. Basi shemeji asikutangulie huko. Nenda Same, Mahakama ya Wilaya, na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na mashahidi wa maisha ya mumeo. Kabla ya hapo usitie kidole katika karatasi yo yote atakayokuletea.