Ali hakushinda Kinshasa kwa kuvumilia tu: somo kwa Beni na Butembo

George Foreman alifariki tarehe 21 Machi 2025, akiwa na miaka 76. Muhammad Ali alikuwa amemtangulia tarehe 3 Juni 2016. Wote wawili hawapo tena, lakini ubishi waliotuachia tangu Kinshasa haujazikwa pamoja nao. Ali alimshindaje mtu ambaye kila mtu aliamini angemvunja?

Huku Butembo na Beni, jibu linalokuja haraka ni moja: alivumilia. Alijua kupokea ngumi mpaka mwenzake akachoka. Jibu hilo linatupendeza, kwa sababu na sisi husifiwa kila siku kwa uvumilivu. Lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwetu.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi za usiku, saa iliyochaguliwa ili Wamarekani watazame pambano kabla ya kulala. Watu wapatao 60,000 walijaa katika Uwanja wa 20 Mei, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Pambano lilikuwa limepangwa kufanyika tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini na likaahirishwa. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, pesa ambazo mchezo huo haukuwa umezizoea. Rais Mobutu alitaka dunia nzima ilijue jina la Zaïre.

Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kati ya hizo kwa KO. Mwezi wa Januari 1973, huko Kingston, alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili na kuchukua mkanda. Machi 1974, huko Caracas, Ken Norton naye hakumaliza raundi ya pili. Frazier na Norton ndio watu wawili waliokuwa wamemshinda Ali. Kwa hiyo hesabu ya wengi ilikuwa rahisi: aliyewaponda waliomshinda Ali atamponda Ali mwenyewe, mzee wa miaka 32 aliyepoteza zaidi ya miaka mitatu nje ya ulingo kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam.

Ali alifanya nini? Raundi ya kwanza hakuegemea kamba na kungoja. Alianza yeye kushambulia, akitanguliza mkono wa kulia. Kwa bondia anayetumia mkono huo ni jambo la hatari, maana unasafiri mbali na kuuacha mwili wazi. Foreman alipigwa usoni kwa ngumi ambayo hakuitegemea. Lakini Ali aliona pia kwamba Foreman anajua kumkatia njia ulingoni, na kwamba kumkimbia usiku kucha katika joto lile kungemmaliza miguu. Ndipo kuanzia raundi ya pili akarudi kwenye kamba, huku kocha wake Angelo Dundee akimpigia kelele atoke.

Tazama vizuri picha za pambano lile na utaona kwamba ngumi nyingi za Foreman zilikula mikono na viwiko vya Ali. Kichwa alikiegemeza nyuma, nje ya ulingo, mbali na konde. Foreman alipokaribia sana, Ali alimshika shingo na kumlemeza, ili abebe uzito wa watu wawili. Alimsemesha maneno ya kumchokoza. Na karibu kila raundi, Foreman alipopunguza kasi, Ali alijibu kwa ngumi za haraka za usoni, kisha akarudi kwenye kinga yake. Raundi ya nane aliona mtu aliyekwisha nguvu, akatoka kwenye kamba, akampiga mfululizo, na Foreman akaenda chini. Wakati huo kadi zote tatu za alama zilikuwa tayari zimempa Ali alama nyingi zaidi. Mtu anayepokea tu hawezi kuongoza kwa alama.

Kuna wanaopinga. Wengine wanasema kamba zilikuwa zimelegea, ndiyo sababu Ali aliweza kujilaza nyuma hivyo. Ni kweli zililegea, lakini zililegea kwa wote wawili, na mmoja tu ndiye aliyejua la kufanya nazo. Wengine wanasema Foreman alijishinda mwenyewe kwa kurusha nguvu zote bila kupumzika. Hilo nalo ni kweli, ila tuulize nani alimsukuma kufanya hivyo. Foreman alikuwa amezoea kazi ya raundi mbili, na Ali alimpeleka mahali ambapo hakuwa amezoea kufika.

Wengine tena wanasema Ali alikuwa amepanga kila kitu tangu Marekani. Hapo ndipo panahitaji tahadhari. Kama kocha wake mwenyewe alikuwa akimwita atoke kwenye kamba, basi sehemu kubwa ya mpango ilizaliwa ulingoni, katika kichwa cha mtu aliyekuwa anapigwa huku anahesabu.

Na ushindi ule ulikuwa na bei yake. Mbinu iliyomsaidia Kinshasa ikawa mazoea. Alizidi kuwaacha watu wampige, mazoezini na katika mapambano. Tarehe 1 Oktoba 1975, huko Manila, yeye na Frazier walipigana raundi 14 za kutisha. Mwaka 1980 Larry Holmes alimpiga mpaka kona yake ikasimamisha pambano. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Hakuna anayeweza kuonyesha ngumi ipi ilileta nini, lakini nani ataamini kwamba ngumi zile zote zilipita bure? Anayemsifu Ali kwa kupokea mapigo akumbuke pia mikono iliyotetemeka ikibeba mwenge wa Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996.

Foreman naye alijifunza Kinshasa. Aliacha ngumi miaka kumi, akawa mhubiri, akarudi mwaka 1987. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alipigwa raundi tisa na Michael Moorer bila haraka wala hasira, kisha raundi ya kumi akampata kwa mkono wa kulia na kuurudisha mkanda. Miaka ishirini baada ya Kinshasa, alishinda kwa somo alilopewa Kinshasa.

Sisi Wakongomani tumepata nini? Mabondia wapo. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alichukua mkanda wa WBC mjini Kinshasa tarehe 31 Januari 2020, katika uzani ulio chini kidogo ya ule wa juu kabisa. Ndugu yake Martin Bakole alimsimamisha Jared Anderson katika raundi ya tano huko Los Angeles, Agosti 2024, na dunia ikaanza kumwogopa. Lakini Februari 2025, huko Riyadh, alikubali kupigana na Joseph Parker akiitwa siku mbili tu kabla, akiwa na zaidi ya kilo 140. Hakufika mwisho wa raundi ya pili. Ushujaa ulikuwepo. Maandalizi hayakuwepo. Ali alikaa Zaïre wiki nyingi akifanya mazoezi N'Sele kabla ya kuegemea kamba hata mara moja.

Hapo ndipo ubishi huu unapotugusa. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni wamezika watu wao waliochinjwa. Ebola ilipita hapa kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Utawala wa kijeshi ulitangazwa Mei 2021 kwa ahadi ya kurudisha amani. Goma ikaanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na Butembo ikajikuta karibu na vita vingine. Kila mara wakubwa wanapokuja kutoa pole, hutusifu kwamba ni watu hodari wa kuvumilia, kana kwamba kupigwa ndiyo kipaji chetu.

Ali hakuwa na kipaji cha kupigwa. Alikuwa na kipaji cha kujua kwa nini anangoja, mpaka lini, na atajibu vipi. Huku kwetu jambo hilo linajulikana pia. Desemba 2018, Beni na Butembo zilipoondolewa kwenye uchaguzi wa rais kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, wakaaji wa Beni walijipangia kura yao wenyewe tarehe 30, wakasimama mstari na kupiga. Kura hiyo haikuhesabiwa Kinshasa, lakini haikuwa kimya cha mtu aliyekubali kupigwa.

Kwa hiyo, kijana wa Bulengera au wa Mulekera anayevaa glavu kwa mara ya kwanza, na mzee anayemsimulia habari za 1974, wasiishie kwenye kamba. Wamwangalie Ali katika raundi ya kwanza, mkono wake wa kulia ukitangulia. Wamwangalie tena katika raundi ya nane. Zile raundi sita za katikati zina maana kwa sababu ya hizo mbili. Na mkubwa atakayekuja tena kutusifu kwa uvumilivu aulizwe swali moja tu: tuko raundi ya ngapi, na kona yetu inatuandalia nini?