Avokado Ikipanda Bei, Nani Hucheka na Nani Hulia?

Kina mama wengi wa mjini wakiulizia bei ya avokado na kutajiwa bei mpya, humgeukia mama mboga kwa maneno makali. Humwona mlafi asiyejali watoto wa wenzake. Lakini mara nyingi bei hiyo haikuanzia kwenye kibanda chake. Ilianzia shambani Murang'a, na kabla ya hapo ilianzia kwenye meza za watu wa Ulaya wanaolipenda tunda hili.

Leo hebu tutazame jinsi mahitaji yanavyosukuma bei, na jinsi faida inavyohama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Wanafunzi wasikilize vizuri, kwani hapa ndipo wengi huteleza katika mtihani.

Avokado ikishuka kutoka shilingi 20 hadi 15, nawe ukanunua mbili badala ya moja, mahitaji ya soko hayajabadilika. Umefuata bei tu. Mahitaji hubadilika pale watu wanapotaka bidhaa zaidi, au wanapoipunguza, ingawa bei ni ile ile. Huenda mapato yao yameongezeka, au wamebadili ulaji, au wanunuzi wapya wamejitokeza. Kwa mfano, mwaka 2022 China ilianza kununua avokado zetu zisizogandishwa.

Tuchukue mfano mdogo. Kijijini kuna wakulima watano, kila mmoja ana avokado moja. Wa kwanza hakubali chini ya shilingi 10, wa pili 15, wa tatu 20, wa nne 25 na wa tano 30. Wanunuzi nao ni watano. Mmoja yuko tayari kutoa hadi shilingi 30, wengine 25, 20, 15 na 10. Bei itatulia kwenye shilingi 20, kwa kuwa hapo wauzaji watatu hukutana na wanunuzi watatu. Hiyo ndiyo bei ya msawazo.

Aliyekuwa tayari kutoa 30 amebakisha shilingi 10, na yule wa 25 amebakisha 5. Jumla ni shilingi 15, nayo huitwa ziada ya mnunuzi. Wakulima pia, ukihesabu vivyo hivyo, wamepata 15 juu ya kile ambacho wangekubali. Hiyo ni ziada ya muuzaji.

Sasa aje wakala wa kampuni inayouza ng'ambo. Anataka avokado mbili, na kwa kila moja yuko tayari kutoa hadi shilingi 40. Bei itapanda hadi 25, na avokado nne zitauzwa badala ya tatu. Ziada ya wakulima imekuwa 30, mara mbili ya ile ya awali. Wakala naye amebakisha 30. Lakini kwa wanunuzi wa kijijini, zile shilingi 15 zimebaki 5 tu. Yule aliyekuwa na shilingi 20 amerudi nyumbani na kikapu kitupu.

Jumla ya ziada ilikuwa 30, sasa ni 65. Soko limenenepa, ila sahani ya mtu mmoja imekonda. Ndiyo maana ukisikia mauzo ya nje yameongezeka, furahi, lakini uliza pia ni nani aliyeongezewa na ni nani aliyepunguziwa.

Je, tufunge mauzo ya nje ili avokado iwe rahisi mjini? Kumbuka kwamba shilingi utakayookoa wewe itatoka katika mfuko wa mkulima, ambaye huenda ni mama yako mzazi anayemlipia mdogo wako karo.

Naye mkulima asijisahau. Kuanzia mwisho wa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi za kwenda Ulaya kuzunguka kusini mwa Afrika. Safari ikarefuka, na avokado ni tunda lisilopenda kungoja. Wakala akiogopa hasara, hununua kidogo, na bei ya shambani hushuka. Hapo mnunuzi wa mjini hucheka, na mkulima hulia. Kufa kufaana.

Tena mti hauoti kwa siku moja. Mche uliopandikizwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Anayeng'oa kila kitu shambani kwa sababu bei ya leo ni tamu, atavuna wakati ambapo mahitaji huenda yameshageuka. Aache sehemu ya mahindi na maharagwe.

Nawe mama wa mjini, kabla ya kumkemea mama mboga, kumbuka kwamba naye hununua kwa bei iliyopangwa mbali na kibanda chake.