London Ikifungwa, Tusinung'unike

Wapenzi, kila tarehe 25 Desemba London husimama: hakuna treni ya chini ya ardhi, hakuna basi, na maduka mengi yamefungwa. Nasi tuliokwenda kutembea tunalalama: "Mji gani huu, hata mkate hatupati!"

Jamani, tuone haya. Mkate ungenunuliwa tarehe 24. Dereva wa treni naye ana watoto wanaomngoja wale pamoja. Na sisi huku Unguja je? Sikukuu mosi wanetu wako Mnazi Mmoja na nguo mpya. Dada wa kazi yuko jikoni anakuna nazi, wanawe wako mbali. Kwani Idi ni yetu peke yetu?

Mwaka huu tumpe ruhusa na nauli mapema, akale Idi kwao. Biriani tutapika wenyewe.