Mpira ni wetu, rimoti ni yao

Wasee, niingie moja kwa moja. Shabiki wa mpira Kenya analipa kila mahali na hana kiti mezani. Analipa kodi inayojenga uwanja. Analipia dekoda. Ananunua bando. Akikosa hivyo vyote, analipa mbao au finje pale mlangoni kwa chumba cha vidio. Halafu wakubwa wakikosana kuhusu mkataba, yeye ndiye wa kwanza kuzimiwa na wa mwisho kuambiwa kwa nini.

Mimi niko Miasenyi. Kama hupajui, ni ile stesheni ya SGR kati ya Mariakani na Voi, ambayo watu wa Express huiona tu dirishani wakipita. Huku kuna jua, kuna vumbi, kuna ndovu wa Tsavo, na kuna vijana wanaopenda mpira kupita kiasi. Ukitaka kuona Bandari wakiwa nyumbani, ni upande gari hadi Mombasa. Ukitaka kuona Harambee Stars pale Kasarani, hiyo ni zaidi ya kilomita 300. Kwa hivyo yule wa "si mwende uwanjani" namuuliza tu: nauli unatuma leo ama kesho?

Kwetu mpira ni runinga. Na hiyo runinga inashikwa na watu ambao hatujawahi kukaa nao meza moja. Tuhesabu pamoja.

2007 ilikuja kampuni inaitwa GTV. Ilichukua sehemu kubwa ya mechi za ligi kuu ya Uingereza na kuwaambia Waafrika kwamba sasa mpira utakuwa wa bei nafuu. Watu wakanunua madishi na dekoda. Januari 2009 GTV ikafunga virago, msimu ukiwa katikati. Waulize wakubwa zenu, kuna nyumba madishi yale yamebaki juu ya paa kama mapambo.

Twende kwa ligi yetu. SuperSport walikuwa wanaionyesha, na ndio wakati Gor Mahia walimaliza msimu wa 2015 bila kupoteza mechi hata moja. Ilikuwa ya kulipia, sawa, lakini picha ilikuwa safi na mchezaji wa Kenya alikuwa na sura. 2017 ligi ikapanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, viongozi wakavutana, SuperSport wakasema mkataba haukuwa hivyo, wakaondoka. 2019 SportPesa nao wakatoa mkono kwenye udhamini baada ya kuzozana na serikali kuhusu leseni na ushuru. Msimu uliofuata Sony Sugar walifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika kwa mechi 3. Timu ya ligi kuu inakosa kufika uwanjani!

2020 FKF wakasaini na StarTimes, miaka 7. Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed akavunja uongozi wa FKF, StarTimes wakajiondoa, na Februari 2022 FIFA wakatufungia. 2023 FKF wakasaini tena, safari hii na Azam TV ya Tanzania. Miaka mingapi? 7. Sina ugomvi na Azam, hao ni wafanyabiashara na wamekuja na kamera. Ninachosema ni kwamba miaka 7 kwenye karatasi za mpira wa Kenya haimaanishi chochote, na kila karatasi ikichanika kuna mtu amebaki na dekoda isiyo na kazi. Nyumbani kwetu ziko mbili, sitataja za nani. Moja imekuwa ya kuwekea redio juu yake.

Sasa linganisha na majirani. 2021 Tanzania walisaini na Azam miaka 10 kwa shilingi za kwao bilioni 225.6. Leo nenda Taveta mpakani, utapata kijana wa Kenya anakutajia kikosi cha Simba au Yanga bila kumeza mate. Muulize kipa wa Bandari ni nani, atakuuliza kama Bandari bado wanacheza. Yeye hana kosa. Anapenda kile anachokiona. Usipoonekana, hupendwi.

Kuna watu watasema hizi ni shida za FKF tu. Hapana. FKF wana yao, lakini hii tabia ya kuzima watu ili kushinda ugomvi ni kubwa kuliko FKF. Kumbuka Februari 2015. Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogi, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikapotea hewani karibu wiki 3. Ugomvi ulikuwa nani abebe chaneli za nani, kwa dekoda ya nani, kwa ruhusa ya nani. Kila upande uliongea ukisema unamtetea mtazamaji. Mtazamaji alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi.

Ama chukua AFCON ya Cote d'Ivoire. Mwisho wa Desemba 2023 SuperSport walitangaza kwamba hawataonyesha, kwa sababu haki zilikuwa zimechukuliwa na New World TV ya Togo. Michuano ilikuwa ianze tarehe 13 Januari. Yaani mtu amelipia mwezi wa sikukuu, anaambiwa kombe la bara lake halimo. Zikabaki siku chache hivi, wakaelewana, mechi zote 52 zikaonyeshwa. Watu wakashukuru kama wamefanyiwa hisani. Hisani gani? Tulichezewa roho wiki mbili, halafu tukauziwa kitu kile kile.

Na usidhani ni Afrika peke yake. Marekani wana kandanda ya vyuo vikuu, ule mchezo wao wa mpira wa yai na helmeti, na Jumamosi kwao ni kama ibada. Tarehe 31 Agosti 2023, Disney wenye ESPN na kampuni ya kebo ya Charter walikosana kuhusu malipo. Chaneli zikazimwa usiku ule ule Florida wanacheza na Utah. Septemba 2024 ikawa Disney na DirecTV, USC na LSU wakiwa uwanjani. 2025 ikawa Disney na YouTube TV, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, msimu ukiwa umepamba moto.

Umeona saa wanazochagua? Hawazimi wakati hakuna mechi. Wanazima wakati unaumia zaidi, ndio upige simu kwa hasira, ndio upande ule mwingine uogope kukupoteza na ukubali bei. Kwa hiyo hasira yako ndiyo silaha yao. Wewe si mteja kwenye huo ugomvi, wewe ni fimbo. Wanakushika wanachapana nayo, wakimaliza wanakurudisha kwenye kona na bili mpya.

Wahenga walisema ndovu wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sisi wa huku hiyo methali hatuhitaji kufafanuliwa. Tumeona shamba baada ya ndovu kupita.

Sasa kuna majibu ya haraka ambayo huwa tunapewa, na nataka niyajibu moja moja.

La kwanza: "Tumieni linki." Buda, linki gani? Ile inayokatika mpigaji akikaribia penalti? Ile inafungua matangazo 9 ya kamari kabla uone nyasi? Bando la siku linaisha kabla ya mapumziko. Na tuseme ukweli, linki ya wizi haimlipi mchezaji wa Bandari hata shilingi. Inampa shabiki wa mjini mwenye intaneti nzuri afueni kidogo, halafu inamwacha mtu wa Miasenyi, Maungu na Mackinnon Road pale pale.

La pili: "Kampuni lazima zipate faida." Kabisa. Kamera ni ghali, gari la matangazo ni ghali, na klabu zinahitaji hiyo doh. Hakuna anayesema kila kitu kiwe bure. Lakini hebu tuangalie wenzetu ambao ubepari wao ni wa miaka mingi. Uingereza, kwa sheria ya utangazaji ya 1996, wana orodha ya michezo ambayo lazima chaneli za bure zipewe nafasi: Kombe la Dunia limo, fainali ya Kombe la FA imo. Ligi yao kuu haimo, inauzwa, na bado wanaipiga pesa. Kwa hivyo inawezekana kuuza mpira na bado kuacha kitu cha wananchi.

La tatu: "KBC hawana pesa za kununua haki." Basi wasinunue. India walitunga sheria 2007: mwenye haki za mechi kubwa za taifa anatoa mawimbi yale yale kwa shirika la umma, na pesa za matangazo wanagawana, angalau robo tatu ikienda kwa mwenye haki. Yule aliyelipa anabaki na fungu nene. Mzee wa kijijini anaona mechi. Nani ameibiwa hapo?

Na kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda tumepewa uenyeji wa AFCON 2027. Agosti 2025 tulionjeshwa kwa CHAN. Ryan Ogam alipowafunga Morocco pale Kasarani, nchi nzima ilikuwa na sauti moja, na hata tulipotolewa na Madagascar kwa penalti tuliumia pamoja. Hicho ndicho mpira unafanya. Uwanja wa Talanta Nairobi, wa viti 60,000, umewekwa kwa jina letu sote. Mama anayeuza maembe hapa barabarani analipa kodi kila anaponunua kitu. Yeye pia amejenga ule uwanja. Hatafika kukaa kwa kile kiti, na hilo analijua. Lakini mkimwambia pia anunue dekoda ndio aone nyasi alizolipia, huo ni uhuni.

Hivi ndivyo nataka viandikwe kwa karatasi, na FKF, wizara na Bunge waseme ndiyo ama hapana hadharani.

Moja, mechi zote za mashindano za Harambee Stars na Harambee Starlets ziwe kwa chaneli ya bure. Zote. Si dakika za mwisho, si marudio saa tano usiku.

Mbili, mkataba wowote wa ligi uwe na mechi 1 ya bure kila wiki, na isiwe Gor na AFC kila siku. Kuna Wapwani huku wanataka kuona Bandari.

Tatu, mkataba ukivunjika katikati ya msimu, kwa sababu yoyote, mechi zihamie KBC siku hiyo hiyo hadi msimu uishe, na aliyelipia chaneli arudishiwe pesa ya siku alizozimiwa bila kuomba. Hicho kifungu peke yake kitawafanya waelewane haraka, kwa sababu giza litakuwa linawagharimu wao, si sisi.

Nne, mikataba iwekwe wazi tusome. Kama klabu inapata kiasi fulani, mchezaji ajue. Kama shirikisho linabaki na kiasi fulani, tujue. Mambo ya kusikia bilioni kwa habari halafu mchezaji anaomba nauli, tumechoka.

Kuna vijana hapa wanacheza kila jioni kwenye uwanja wa mchanga, wengine bila viatu. Kuna mmoja winga wa kushoto, ana mguu ambao ungekuwa Nairobi watu wangeuzungumzia. Anajua kila kitu kuhusu Saka. Hajawahi kuona mechi nzima ya ligi ambayo anaweza kuchezea mwaka ujao. Anajifunza kazi ambayo haruhusiwi kuitazama. Hiyo ndiyo bei halisi ya hii michezo ya mikataba, na haiko kwa bili ya dekoda yoyote.

Mbunge wako ana simu, na wengi wao wana akaunti wanapojibu wakipenda. Usimtukane. Muulize swali moja tu, na uliulize kila wiki mpaka ajibu: AFCON 2027, mechi za Kenya, mtu asiye na dekoda ya kulipia ataziona kwa chaneli gani?