Dumu la Maji si Uchuro

Muulize mama yeyote wa Kigogo, Hananasifu au Tandale jijini Dar es Salaam swali hili: maji yakiingia ndani saa nane usiku, nani anambeba bibi, nani anawashika watoto, na mkipotezana mnakutana wapi? Mara nyingi hutajibiwa. Utatazamwa juu mpaka chini, kisha utaambiwa utoe uchuro wako mle ndani, kwa kuwa mna watoto wadogo.

Jibu hilo nimelisikia kwa wasomi na kwa wasiojua kusoma, kwa waswalihina na kwa walevi. Tumeligeuza kuwa sehemu ya adabu: mwungwana hatabiri mabaya. Anayetaja moto nyumbani kwa mwenzake ameutamani, na anayeweka begi la dharura nyuma ya mlango ameyafungulia maafa njia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, vichekesho vinaanza kuzunguka kwenye simu kabla wingu halijaonekana, na mvua isipofika kama ilivyosemwa wataalamu wanazomewa kana kwamba walituombea mabaya wakashindwa.

Ningeivumilia imani hii kama wenye nayo wangeiamini kwelikweli. Hawaiamini. Nenda mtaa wowote wa uswahilini utakuta kikundi cha kufa na kuzikana. Kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kina daftari la wanachama lenye namba za simu, kina mchango wa kila mwezi na faini kwa wanaochelewesha. Kina turubai, viti vya plastiki, masufuria ya kupikia wali wa watu mia mbili, mapipa ya maji, na vikundi vyenye uwezo vina hata jenereta. Mwanachama akifiwa alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshafungwa, kuni zimefika, mapipa yamejaa na kina mama wanamenya vitunguu. Hakuna aliyepiga king'ora. Kila mtu alijua kazi yake kwa sababu ilishapangwa siku ambayo hapakuwa na maiti.

Na bibi zetu wa pwani? Wengi wao wana sanda ndani ya sanduku, imekunjwa vizuri, pamoja na fedha kidogo za kaburi. Mjukuu akiiona hamwambii bibi kuwa anajichuria. Anamsifu kwamba ni mtu wa mipango, hataki kuwasumbua watu. Kama kuliandaa jambo kunaliita, sanda ile ingekuwa imemchukua bibi miaka ishirini iliyopita. Mbona bado anatutuma dukani?

Kwa hiyo tusidanganyane. Kifo tunakiandalia mchana kweupe, kwa risiti na mihuri. Tunachokiita uchuro ni maandalizi ya kubaki hai.

Wanaoshikilia kuwa kuyataja maafa ni kuyaalika wangepata faida kuisikia habari ya Simeulue, kisiwa kilichopo magharibi ya Sumatra nchini Indonesia. Mwaka 1907 bahari iliwavamia watu wa kisiwa hicho ikaua wengi. Walionusurika hawakufunga midomo. Waliitia habari ile ndani ya nyimbo za kubembelezea watoto na hadithi za jioni: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, usishuke kuokota samaki waliobaki mchangani, kimbilia mlimani. Jambo lenyewe walilipa jina, smong, na kwa karibu miaka mia moja wakawa wanawaimbia jina hilo watoto wachanga waliolala mapajani.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika. Simeulue iko karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lile, wimbi lilihitaji dakika chache tu kufika, na king'ora hakikuwapo. Watu walipiga kelele za smong wakapanda vilimani. Kisiwa kilikuwa na wakazi zaidi ya 70,000, waliokufa ni 7. Ng'ambo yake, katika mkoa wa Aceh kwa ujumla, waliokufa walizidi laki moja. Watu wa Simeulue ni Waislamu wa Bahari ya Hindi, wavuvi na wakulima wa karafuu na nazi, watu ambao mtu wa Mafia au Pemba angekaa nao barazani bila kujiona mgeni, na hawakuona kwamba wimbo wa tahadhari unagombana na kadari. Wimbi lilelile lilivuka bahari nzima, na baada ya saa nyingi likafika Dar es Salaam na kuua waogeleaji wetu. Sisi tulikuwa na saa nyingi, wao dakika chache.

Atasimama mtu aseme Mungu akipanga amepanga. Sawa. Lakini Yusufu, anayesomwa msikitini na kanisani pia, alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakumshauri anyamaze asije akaichuria nchi njaa. Alimwambia aweke akiba ya nafaka kwa miaka saba. Sijapata kumsikia shehe wala mchungaji akimlaumu Yusufu kwa upungufu wa imani.

Wapo pia wasiojali uchuro ila wanaiamini serikali: kukitokea jambo, wenye kazi yao watafika. Watafika, ndiyo, tena wengine watahatarisha maisha yao. Suala ni saa ngapi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022, ilianguka karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, mjini, asubuhi, huku watu wakiiona. Hata hivyo waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walitoka hai. Kijana mmoja miongoni mwa wavuvi hao alisifiwa nchi nzima, na Rais akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, uamuzi mzuri ambao pia ulikiri bila kukusudia ni nani alikuwa mwokoaji siku ile. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walikufa, na usiku ulipoingia shughuli ya uokoaji ilisitishwa mpaka asubuhi. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho vilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, magari yakalala njiani. Kwa aliyekuwa upande wa pili, serikali ingekuwa na nia njema kiasi gani, lori halivuki mahali ambapo daraja limeondoka.

Saa za mwanzo ni za aliyepo, yaani wewe, jirani yako na yule kijana wa bodaboda mnayemlalamikia kwa kelele.

Hatari ya kunyamaza naiona zaidi kwa watoto. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka juu ya mji wa Goma bila tahadhari yoyote kutangulia. Maelfu ya watu walikimbia gizani, wengine wakivuka mpaka kuingia Gisenyi upande wa Rwanda, wengine wakishika njia ya Sake. Kulipokucha, shirika la UNICEF lilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa hawajulikani walipo. Goma si mji usiolijua joto la lava. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji huohuo, na kuna mitaa iliyojengwa upya juu ya mawe yake meusi.

Hapo hakuna dumu wala begi ambalo lingesaidia. Kinachomrudisha mtoto kwa mama yake ni mazungumzo ya dakika kumi yaliyofanyika siku ya kawaida, watu wakila. Mtoto wetu wa miaka sita akiulizwa na askari au mtu wa Msalaba Mwekundu jina la mama yake atajibu, "Mama Asha." Mjini kuna Mama Asha wangapi? Ajue majina matatu ya mama na ya baba. Aijue namba moja ya simu kwa kichwa, aikariri kama anavyokariri nyimbo za matangazo, kwa sababu simu iliyokuwa na namba zote itakuwa imezama au imezima. Familia iwe na sehemu mbili za kukutania, moja jirani na nyumba na nyingine nje ya mtaa kwenye mwinuko: shule, msikiti, kwa mjomba. Na awepo ndugu mmoja wa mbali, shangazi wa Dodoma au kaka wa Mbeya, ambaye kila mmoja akisalimika atamtumia ujumbe mfupi. Mtandao ukielemewa, ujumbe wa maandishi hupenya mahali ambapo simu ya sauti inakataa. Shangazi huyo ndiye atakayejua nani kafika na nani bado.

Vitu navyo vina hesabu yake, nayo haitishi. Watu watano wakihesabiwa lita nne kila mmoja kwa siku, za kunywa na za matumizi ya lazima, kwa siku tatu ni lita 60. Hayo ni madumu matatu ya lita ishirini, safi, yenye vifuniko, yanayobadilishwa maji kabla hayajachakaa na kuwekwa juu, si sakafuni. Baada ya mafuriko visima na mabomba huchanganyika na vyoo, na kipindupindu hakichelewi, kwa hiyo vidonge vya kutibu maji vinastahili nafasi kuliko sukari.

Upande wa chakula, orodha zinazozunguka mitandaoni zimeandikwa kwa watu wenye kabati la makopo ya maharage na redio ya kuzungusha kwa mkono. Waachieni wenyewe. Kosa letu huku ni kuhesabu unga na mchele kuwa akiba ya dharura. Unga unataka moto, na makaa yaliyolowa hayawaki. Wekeni vinavyoliwa bila kupikwa: tende, karanga za kukaanga, kashata, biskuti, maziwa ya pakiti yasiyohitaji jokofu kwa watoto. Dawa za sukari, za presha, za pumu na ARV zisingoje vidonge viwili vya mwisho ndipo mtu akumbuke kliniki. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati au mkataba wa pango, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Na noti ndogondogo, tafadhali. Tumeizoea mno pesa ya simu; umeme ukikatika siku mbili na mnara ukazima, wakala anakutazama tu kama unavyomtazama, naye salio analo.

Nitaambiwa huyu anaandika akiwa ameshiba. Mtu anayenunua unga robo na mafuta ya kipimo ataweka akiba ya siku tatu kwa fedha gani? Pingamizi hili nalikubali kuliko mengine yote, na sina jibu la kulimaliza. Wapo ambao tende za akiba wangezila leo jioni, na wangekuwa na haki. Lakini jina la mama halinunuliwi. Mahali pa kukutania hapana bei, wala kumfundisha mtoto kwamba maji yanayokimbia yakifika magotini yanamwangusha hata mtu mzima, asiyaingie kwa kuwa anaona wenzake wanavuka.

Na kwa vile ambavyo vina bei, mtaa wenyewe tayari unachanga. Turubai linalowakinga waombolezaji jua linaweza kuwakinga watu waliobomokewa na mvua. Masufuria ni yaleyale. Daftari la katibu likiongezwa safu moja tu, ya nani mzee asiyetembea, nani mjamzito, nani haoni, linakuwa orodha ya kwanza kushikwa usiku wa mafuriko, kabla ya orodha nyingine yoyote. Kisheria kamati za maafa zinatakiwa zifike mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Waulize majirani wako kama wanamfahamu hata mjumbe mmoja. Wajumbe wa kufa na kuzikana wanafahamika mpaka na watoto.

Kwa hiyo hoja yangu naipeleka huko, kwenye kikao cha Jumapili ya kwanza ya mwezi, chini ya mwembe, baada ya kusomwa mapato na matumizi. Sehemu ndogo ya mfuko itengwe kwa ajili ya walio hai: vidonge vya maji, kamba ndefu, tochi, filimbi. Turubai na masufuria yahamishwe kutoka chumba cha chini kwa mweka hazina kilichoingia maji masika iliyopita, yapelekwe nyumba iliyo juu. Watatu wenye nguvu wapewe majina ya wazee wa kuwabeba. Najua mtu atainua mkono kusema kwamba hayo ni uchuro na hayamo katika katiba ya kikundi. Basi katibu asisumbuke kubishana naye. Ayaandike kwenye mengineyo.