Kufuta Jina si Kusahihisha Nyaraka

Watengenezaji wa programu wana imani moja iliyoota mizizi: maktaba ya nje ikishaondolewa kwenye fremuweki, nyaraka ni kazi ya nusu saa. Tafuta jina lake, lifute kila linapotokea, idadi ikifika sifuri funga kazi. Tena hukabidhiwa mgeni wa mradi, eti ndiyo nyepesi ya kuanzia.

Si nyepesi hata kidogo. Tazama fremuweki ya Django. Kwa miaka mingi iliitegemea maktaba ya pytz kwa mambo ya kanda za saa. Python 3.9 ilipotoka mwaka 2020 ikiwa na moduli ya zoneinfo ndani yake, Django ilihamia huko katika toleo la 4.0, Desemba 2021, na katika 5.0, Desemba 2023, pytz ikaondolewa kabisa.

Ukiangalia juu juu, ni jina tu lililobadilika. Lakini pytz inataka uite localize ili kuipa saa kanda yake. Zoneinfo inataka uiweke kanda moja kwa moja kwenye tzinfo. Ukiita localize juu ya zoneinfo, programu inagoma palepale, na afadhali igome. Ukiweka kanda ya pytz kwenye tzinfo, hakuna kinacholalamika: Africa/Nairobi inahesabiwa kwa saa ya zamani ya jua, saa 2 na dakika 27 mbele ya saa ya dunia badala ya saa 3. Miadi ya saa mbili kamili asubuhi inahifadhiwa vizuri tu, kisha inasomeka saa mbili na dakika 33.

Sasa chukua ukurasa uliosahihishwa nusu. Mstari wa juu bado unaiita pytz, mfano wa chini ni wa mtindo mpya, na pytz yenyewe ingali kwenye mashine kwa sababu kifurushi kingine kimekuja nayo. Ukurasa huo ni hatari kuliko wa zamani ambao hakuna aliyeugusa. Ule wa zamani angalau ulikubaliana na nafsi yake.

Kuna pia jambo ambalo kutafuta jina hakuwezi kulifichua. Pytz ilibeba data zake za kanda. Zoneinfo huzisoma kwenye mfumo wa kompyuta, na Windows haina data hizo, ndiyo maana huko Django inahitaji kifurushi cha tzdata. Hapo hakuna cha kufuta. Kuna sentensi mpya ya kuandika.

Na hiyo sifuri yenyewe ni kosa. Maelezo ya matoleo ya zamani lazima yaendelee kuitaja pytz, kwa kuwa anayehama kutoka Django 3.2 atatafuta jina hilohilo.

Mhakiki akitaka kipimo, aendeshe kila mfano kwenye mashine isiyo na pytz. Mstari uliosahaulika utajitaja wenyewe. Sentensi ya tzdata iliyokosekana haitajitaja mpaka msomaji wa Windows akwame, kwa hiyo ukurasa mzima usomwe na mtu anayejua pytz ilikuwa ikifanya nini.